Malkia Hajui Kwenda Mbele

Mliokuwa mkinisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza kama bibi harusi alifika au hakufika, sasa niachieni shati langu, kaeni, niwaambie.

Tulipoachana, Malkia alikuwa amezima katikati ya mzunguko. Hapo niliwadanganya kidogo, mnisamehe, nafasi gazetini ilikuwa imeisha. Malkia hakuzima. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, kiyoyozi kinapuliza, viti vya ngozi vinapasha watu joto mgongoni bila kuombwa. Jambo moja tu ndilo lililokuwa halifanyiki. Gari haliendi.

Kwa msomaji aliyepandia njiani: Malkia ni gari la kifahari, jeusi, refu, lililokwisha kutumiwa na wengine, mali ya dobi mmoja ambaye tangu alinunue mtaa mzima unamwita Mheshimiwa. Kiti cha nyuma amekaa binti yake wa pekee na gauni la harusi. Mbele, ubavuni mwa baba, amekaa mama. Nyuma yao kuna msafara wa magari sita na pikapu ya wapiga tarumbeta.

Na kule mwisho wa barabara, kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, mwalimu mmoja wa michezo amevaa suti nyeupe akimsubiri mke. Treni yake inaondoka mchana huu huu kumpeleka kwenye shule mpya, mbali sana, mwaka mzima. Wasipooana leo, kijana anapanda treni peke yake. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kukaa kwenye mzunguko.

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Sijasimama. Naipa giaboksi nafasi ifikirie."

Kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu yenye maandishi ya lugha ya kigeni.

"Hiyo taa inasema nini?"

"Inatukaribisha."

"Inatukaribisha kwa rangi nyekundu?"

Mheshimiwa akasukuma mkono wa gia mbele, akaurudisha, akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, magurudumu yakatulia tuli.

"Mume wangu," mama akasema polepole, na wanaume mliooa mnaijua hiyo polepole, "si ulinihakikishia giaboksi umebadilisha? Si ulinionyesha mwenyewe? Uliniambia, mama, giaboksi mpya hii hapa, ishike."

"Nilikuambia."

"Nikaishika. Nikaisifu. Nikaita na majirani wakaishika."

Hapo Mheshimiwa hakuwa na pa kukimbilia. Ukweli ni kwamba kitu kilichobadilishwa kilikuwa kile kirungu cha juu tu, kile cha mbao iliyong'arishwa, chenye pete ya fedha shingoni. Giaboksi yenyewe iko chini huko gizani, na siku fundi alipomtajia bei yake, Mheshimiwa alikaa juu ya tairi bovu akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa bei ya paa la nyumba, mabati na mbao na misumari. Baada ya kunywa maji akamwambia fundi, basi nitilie kile kinachoonekana.

Msimwonee. Mtu amekuwa dobi maisha yake yote. Kazi yake ni kuchukua kitu kilichochoka na kukirudisha kikionekana kipya, na hajawahi kudaiwa zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo mimi nilishika nini?" mama akauliza.

"Kirungu."

Mama akageuza uso akatazama nje dirishani. Wapiga tarumbeta walikuwa wameanza wimbo wa pili.

Mheshimiwa akampigia fundi.

"Fundi, nimekwama mzunguko wa kwanza. Haiendi mbele."

"Rivasi je?"

Mheshimiwa akajaribu rivasi. Malkia akaruka nyuma kwa nguvu, nusura ambusu wa nyuma yake.

"Rivasi inafanya."

"Basi gari zima hilo," fundi akasema kwa furaha. "Kuna watu hawana hata hiyo."

"Fundi, mimi nataka kwenda mbele."

"Mbele ni wapi, Mheshimiwa? Mbele ni kule unakotaka kufika. Geuza buti lielekee huko, kisha nenda taratibu. Mimi nakuja na lori la kukokota, nitakukuta njiani."

"Utafika saa ngapi?"

"Likiwaka tu nimefika."

Mama alikuwa amesikia yote. Akasema bibi harusi ahamishiwe gari la mjomba na aibu iishie hapo. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamtazama binti yake, akaufunga tena. Gauni lile lilikuwa na waya wa duara ndani wa kulitanua, na asubuhi watu wanne walilisukuma kuingia ndani ya Malkia huku wa tano akivuta upande wa pili. Hakuna mlango mwingine kwenye msafara ule ambao ungelipokea.

"Si autoe huo waya?" Mheshimiwa akanong'ona.

"Bila waya ni nguo ya kulalia," mama akajibu. "Mwanangu haolewi na nguo ya kulalia. Endesha."

Basi Mheshimiwa akaingiza rivasi. Malkia akarudi nyuma kuuzunguka mzunguko, magari yakapiga honi, muuza magazeti akapanda juu ya ukuta, mpaka buti likaikuta barabara ya kwa msajili. Likajitosa.

Sasa hapa lazima niwatambulishe kwa Kamanda. Kamanda ni mjomba wa bibi harusi, ndugu wa mama, mlinzi mstaafu wa benki, na ndiye aliyepewa msafara. Asubuhi aliwapanga madereva mstari mmoja akawapa amri fupi: leo hakuna kufikiri. Gari la bibi harusi likisimama, simameni. Likikata kona, kateni. Lifanyalo lolote, nanyi fanyeni.

Kamanda akaona Malkia anaondoka kinyumenyume. Akashangaa kwa muda mfupi sana. Kisha akatoa mkono dirishani, akauzungusha hewani, akaingiza rivasi.

Wote wakamfuata. Magari sita yakaingia mzunguko, yakageuka, yakashika barabara kwa makalio, moja baada ya jingine. Pikapu ya tarumbeta ikafunga msafara, nayo buti mbele, na wapiga tarumbeta wakafurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza upepo uliwapiga usoni.

Watu wakatoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja.

"Ndiyo mtindo wa siku hizi," mteja akaeleza. "Matajiri hawatangulizi uso."

Tatizo la Mheshimiwa lilikuwa jingine. Alikuwa haoni kitu. Malkia ana kamera ya nyuma, tena ndiyo iliyomfanya amnunue, lakini kamera ile huonyesha bluu tupu tangu mvua za kwanza. Na kioo cha nyuma chote kilikuwa kimejaa gauni.

"Baba, kushoto kidogo," bibi harusi akasema kutoka nyuma.

"Hapa?"

"Zaidi. Kuna mkokoteni. Haya, nyoosha. Nyoosha hivyo hivyo."

Wakaenda hivyo, baba anashika usukani, binti amegeuka amepiga magoti juu ya kiti, ndiye macho. Wangefika salama kama askari wa barabarani asingeinua mkono.

Alikuwa mwanamke wa makamo, glavu nyeupe, filimbi mdomoni. Akalizunguka gari lote kabla ya kusema neno. Akainama dirishani.

"Mzee, unajua unakokwenda?"

"Najua, afande. Ila sioni."

"Na hawa wote nyuma yako?"

"Wale wanaona, afande. Ila hawajui."

Askari akamtazama mama, mama akatazama angani. Akamtazama bibi harusi aliyepiga magoti juu ya kiti.

"Binti, unapelekwa au unarudishwa?"

"Napelekwa, shikamoo," bibi harusi akajibu. "Tena nimechelewa."

Askari akatoa filimbi mdomoni. "Marahaba. Mimi nilipelekwa kwa trekta," akasema, na mwanzo wa hasira yake ukaishia hapo. Akasimamisha magari ya upande wa pili, akawapungia wapite.

Walipoachana naye, bibi harusi akasikia baba yake anavuta kamasi.

"Baba, unalia?"

"Jasho hili."

"Jasho la kwenye macho?"

Mheshimiwa akajifuta kwa mkono wa koti, kitu ambacho kwa mteja wake yeyote angekikemea. "Nilijiapia," akasema. "Nilijiapia siku yako utapanda gari ambalo hakuna mtu atakayelicheka. Tazama sasa. Hata mbwa wanatucheka."

"Na mimi nacheka, baba."

Kweli alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanifuata shuleni na baiskeli imejaa nguo za watu," akasema. "Unadhani nilikuwa naona haya? Nilikuwa naingiza mikono kwenye mashati ya wateja wako, nawapungia wenzangu. Walikuwa wananionea wivu. Mimi sikuwahi kuomba gari. Kulia kidogo, baba, kuna baiskeli."

Mheshimiwa akaenda kulia kidogo. Alijisikia mwepesi, na alijisikia mjinga, na vyote viwili vilimstahili. Hata mama alilegea akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka.

Ningetaka sana kuishia hapo. Lakini nyinyi hamkununua gazeti ili watu wafungane vifungo.

Malkia akafika kwa msajili buti mbele, akapita tuta lililopo pale mlangoni, akasimama. Magari sita yakasimama nyuma yake yamebanana, pua zote zikitazama walikotoka. Mheshimiwa hakuzima injini, maana Malkia akizimwa huwaka kwa matakwa yake. Madereva wakashuka kujinyoosha. Tarumbeta zikapigwa kwa nguvu zote.

Aliyetoka kuwapokea ni msajili peke yake, mtu mwembamba mwenye miwani, na muhuri mkononi.

"Bwana harusi yuko wapi?" Kamanda akauliza.

"Ameondoka."

Tarumbeta zikanyamaza moja moja.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Stesheni," msajili akasema. "Alikuwa amesimama pale juu dirishani anawatazama. Akaona msafara. Akaona pua za magari yote zimegeukia mbali. Akasema, wamegeuza, wamempakia mwenzangu wanarudi naye. Nikamwambia subiri. Akasema hawezi kumlazimisha mtu. Akatokea mlango wa uani. Kusema kweli, hata mimi niliona mmegeuza."

Mama akafungua pochi, akatoa simu ya bibi harusi. Bwana harusi alikuwa amepiga mara nyingi. Kwa zile tarumbeta nani angesikia. Mama akampigia, na simu ya bwana harusi ikaita pale pale, juu ya meza ya msajili, kando ya shada la maua.

Bibi harusi alikuwa ameshatoa kichwa nje ya mlango. Hakulia. Aligeuka rangi, akamtazama baba yake, na baba yake angekuwa na uwezo angejikunja akajiweka kabatini pamoja na nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata.

Ndipo simu ya Mheshimiwa ikaita. Fundi.

"Mheshimiwa, nimepita mzunguko, sikuoni."

"Tumefika kwa msajili, fundi. Niache, nina msiba."

"Pole sana. Basi nitawapita hapo hapo sasa hivi, nikitoka stesheni ndiyo nakuja kwako. Kuna abiria nimemwokota uchochoroni, analia tu, ananiomba nimuwahishe treni. Nimemwonea huruma."

Mheshimiwa akaibana simu sikioni. "Amevaa nini huyo abiria?"

"Suti nyeupe."

"Mlete. Simama hapa kwa msajili umshushe."

"Kusimama siwezi."

"Huwezi?"

"Nikisimama lori haliwaki tena. Leo limesukumwa na watu tisa. Lazima niende nalo hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Basi aruke."

"Mlango wake nimeufunga kwa waya, huwa unafunguka wenyewe. Aliingia dirishani nikiwa kwenye tuta. Lakini sikiliza, hapo kwa msajili pia kuna tuta. Nitalipanda polepole. Mkiwa wepesi mvuteni dirishani. Mimi nimeshawaona, msogee."

Na kweli, lori la kukokota lilikuwa limeshaonekana, bovu, la rangi ya chungwa, minyororo inapiga kelele nyuma.

"Baba, nisaidie," bibi harusi akasema. Akavuta kamba kiunoni, waya wa gauni ukaanguka chini kwa mlio, akatoka ndani ya Malkia na kitambaa chote mikononi.

"Mwanangu, nguo ya kulalia," mama akasema kwa udhaifu.

"Inua pindo," baba akasema. "Lori lina grisi. Grisi haitoki."

Lori likapanda tuta. Mheshimiwa akamshika binti yake mkono, wakakimbia kando yake, mzee na koti lake, binti na gauni lake begani. Dirishani alikaa bwana harusi ameinamia magoti, viganja usoni.

"Mkwe," Mheshimiwa akaita. "Mkwe, hatukugeuza. Ni giaboksi. Toa mkono."

Bwana harusi akainua kichwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi, pua imejaa, haoni mbele wala nyuma, lakini aliona kitu cheupe kinakimbia na mkono umenyooshwa. Akaudaka. Na sasa mkumbuke kazi yake. Ni mwalimu wa michezo, mtu ambaye kila siku huvuta kamba na watoto arobaini na kushinda. Badala ya kuvutwa, akavuta.

Mkono aliouvuta ulikuwa wa baba mkwe.

Mheshimiwa akaingia dirishani kichwa kwanza, akatua kati ya fundi na bwana harusi, viatu vikabaki nje vikipunga upepo. Lori likashuka tuta likaanza kushika mwendo.

"Shikamoo, baba," bwana harusi akasema, akiwa amechanganyikiwa kabisa.

"Marahaba. Wewe ni wa kutoka, siyo mimi kuingia. Fundi, simama."

"Nimeshakwambia, Mheshimiwa."

Kioo kidogo cha pembeni ndicho pekee alichoweza kukiona akiwa amepinduka vile. Ndani ya kioo aliona barabara, na barabarani aliona binti yake amesimama peke yake, mkono bado umenyooshwa. Aliona msajili na muhuri. Aliona madereva wameduwaa, magari yao yamebanana hayana pa kupitia. Gari moja tu lilikuwa na njia nyeupe, lile la kwanza, lenye injini inayounguruma, na buti lake lilikuwa limeelekea stesheni.

Bibi harusi akafungua mlango wa dereva.

"Hapana," Mheshimiwa akasema.

Aliona mama akimkamata msajili kwa tai na kumwingiza kiti cha nyuma pamoja na muhuri wake. Aliona mama akizunguka kukaa mbele. Aliona Kamanda akizungusha mkono hewani, madereva wakikimbilia magari yao.

"Nani yule anakaa kwenye usukani?" fundi akauliza.

"Mwanangu."

"Anajua kuendesha?"

"Hajawahi hata kukaa kiti hicho."

Bwana harusi akajipenyeza, akachungulia nyuma, akamwona. Akacheka, akalia, akaanza kupunga mikono yote miwili kama anaita wanafunzi mstarini. "Ananifuata," akasema. "Baba, hakuniacha. Ananifuata."

"Nimeona," Mheshimiwa akasema.

Buti la Malkia likatikisika, likaja. Likaja mkono wa kushoto, likaja mkono wa kulia, likakwangua pipa la taka, likanyooka. Nyuma yake magari sita yakafuata, na tarumbeta zikaanza tena. Barabara ya stesheni, kwa wasioijua, ni mteremko mtupu kutoka kwa msajili mpaka kwenye reli.

Tangu amnunue Malkia, haikupita siku Mheshimiwa asimwombee asiharibike. Alimwombea asubuhi kabla ya kuwasha, alimwombea kwenye mataa, alimwombea akipanda kilima. Sasa, kichwa chini na miguu dirishani, alifumba macho akaomba kwa roho yake yote giaboksi ile ife, ife kabisa, ife sasa hivi kabla mtoto wake hajaufikia mteremko.

Malkia akaongeza mwendo.